Adabu za Kuhama Kufuli

Hamjambo wasomaji. Itikieni tafadhali, hata kimoyomoyo, maana kwetu msimulizi asiyeitikiwa hana ruhusa ya kuendelea, na msikilizaji asiyeitikia ana kesi.

Haya. Nchi yetu siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kulitaja bila vyeo vyake vyote ni utovu wa adabu, na vyeo vyake vikisomwa vyote chai hupoa. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye adabu kuliko zote duniani. Wageni hutusema eti ni wakatili. Hao hawajawahi kupigwa na sisi. Wangepigwa wangeona tofauti.

Kwingine, nasikia, polisi huvamia tu. Kwetu Kikosi cha Adabu hupiga hodi. Askari husubiri mpaka wakaribishwe, huvua viatu, huulizia hali ya watoto, kisha hurudi nje kuuvunja mlango, kwa sababu amri ilisema uvunjwe. Mtu mzima hapigwi kabla ya kuamkiwa. "Shikamoo mzee," askari husema, rungu liko juu tayari. Mzee huitikia "Marahaba," ndipo rungu hushuka. Asipoitikia kwa sababu taya limeshavunjika, hilo ni kosa jingine, nalo lina rungu lake. Mimi mwenyewe meno yangu ya mbele yalikwenda kwa kuitikia kabla sijaamkiwa. Nilikuwa na haraka, kosa ni langu.

Ndivyo nilivyokuwa mgonjwa wa kudumu wa Daktari Hidaya Makwinya, daktari wa meno pekee katika mji wetu mkuu. Benchi lake la kusubiri nalijua kuliko kitanda changu. Upande mmoja tulikaa sisi tuliopigwa. Upande wa pili walikaa waliotupiga, kwa kuwa serikali huwapa halua kila wakimaliza kazi, na halua inaozesha meno. Tuliulizana hali, tukapeana gazeti. Huo ndio umoja wa kitaifa.

Upande wa halua mkubwa wao alikuwa Sajini Mpole Ndarukwa, mtu mwenye mabega ya mlango na gego bovu la nyuma. Sajini huyu aliyewahi kumng'oa mtu kucha huku akimsimulia habari za mvua, aliogopa sindano ya ganzi kama mtoto. Daktari alikuwa akimwambia kila mara kabla hajamgusa, "Samahani afande, itauma kidogo." Sajini alikuwa akilia mpaka kola inalowa, halafu anatoka akijifuta na kututangazia kwenye benchi: "Yule mama ana adabu. Bila ile samahani, ndugu zangu, huo ungekuwa ukatili."

*

Daktari alikuwa na mdogo wake, Stambuli, mshereheshaji. Ulikuwa huwezi kuoza binti yako bila Stambuli kushika kipaza sauti. Basi akaalikwa kusherehesha siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu. Mtukufu alihutubia tangu asubuhi. Jua likapanda, likashuka, akinamama wakazimia kwa zamu, na kila aliyezimia aliandikiwa faini ya kulala mbele ya mkubwa. Mwishowe Stambuli akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti tamu ya harusini, "Mtukufu baba yetu, tunakuomba upumzike. Nasi tupumzike."

Watu wakacheka. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, kwa maana kicheko hakikuwemo kwenye ratiba.

Jenerali Kisago, mkuu wa Kikosi cha Adabu, alipanda jukwaani mwenyewe. Alisema "Samahani kijana," akakichukua kile kipaza sauti, akampiga nacho kinywani. Kilikuwa kimewashwa. Uwanja mzima tulisikia mfupa, na waliokuwa mbali walisikia vizuri zaidi kwa sababu ya spika. Alipomaliza, taya la Stambuli lilining'inia kama bawaba iliyong'oka. Wakamtupa nyuma ya jukwaa pamoja na viti vilivyovunjika, wakidhani amekufa. Muuguzi Chausiku, msaidizi wa daktari, alimvuta kutoka pale akiwa ndani ya kapu la mashuka machafu.

Daktari Hidaya alilifunga taya kwa waya, akamficha mdogo wake kwenye chumba kidogo nyuma ya ukuta wa chumba cha eksirei. Usiniulize nimejuaje. Chausiku alinisimulia baadaye, alipopata tena meno ya kusimulia nayo.

Kuta zetu, kama mjuavyo, zina masikio, na mengine huajiriwa. Ndugu hawa hawakuthubutu kunong'onezana kupitia ukuta. Waliandikiana barua pepe. Dada amekaa huku, kaka amekaa kule, katikati matofali, na barua ikasafiri mpaka nchi ya mbali yenye milima na mbuzi, ikafungwa kwa siri huko, ikarudi hadi upande wa pili wa ukuta. "Leo kunywa uji kwa mrija, usijaribu kutafuna." "Sawa dada. Mwambie huyo unayemchimba jino apunguze kelele, kuna watu wanaumwa."

*

Barua hizo zilibebwa na kampuni iitwayo Kufuli. Serikali ilikuwa na yake, Barua ya Taifa, ya bure, na kila mtu alipewa anwani pale anapozaliwa au anapostaafu. Ila Barua ya Taifa ilisomwa na Wizara, na Wizara ilijibu. Ukimwandikia mkeo kwamba unamkumbuka, unapata majibu mawili. Kufuli wao waliahidi hivi: "Barua zako hata sisi wenyewe hatuwezi kuzisoma."

Jenerali Kisago hakuamini. Alikamata kompyuta moja iliyokuwa na barua za Kufuli, akaifunga pingu ya waya wake yenyewe, akaihoji. Ilipigwa marungu ya mgongoni. Ikachovywa kwenye pipa la maji na kutolewa. Ikaning'inizwa juu chini mbele ya kompyuta nyingine ili nazo zipate funzo. Haikusema kitu. Askari wawili walipigwa na umeme wakafa, wakazikwa kwa heshima, nayo kompyuta ikanyongwa. Tangu siku hiyo kila mwenye siri katika nchi yetu alihamia Kufuli.

Na tuliipenda kampuni hiyo. Tulivaa fulana zake. Kuna mtu alimwita mwanawe Kufuli.

Ndipo asubuhi moja mkurugenzi wa kampuni, Bwana Nuhu Tandika, akiwa huko milimani kwenye mbuzi, akaandika mtandaoni watu wote waone: "Nampongeza Mtukufu kwa kumteua Jenerali Kisago kuwa Waziri wa Haki za Wanyonge. Hatimaye wanyonge wamepata mtu wa kuwashughulikia."

Kwenye benchi tuliyasoma pande zote mbili, kila mtu mara mbili.

Kampuni ilitoa tamko kwamba hayo ni maoni binafsi ya mkurugenzi. Kisha ikayarudia maoni hayo hayo kwa jina la kampuni. Kisha ikayafuta. Kisha ikaomba radhi kwa kuyafuta. Mwisho ikasema kampuni haina upande wowote, haijawahi kuwa nao, na kwamba upande wake huo utabaki hivyo.

*

Sasa nchi ikagawanyika. Wahamaji walisema huwezi kukabidhi siri zako kwa mtu anayempigia makofi anayekupiga marungu. Wabakiaji walisema maneno ya mkurugenzi hayajatoboa kufuli. Walijadiliana kama watu waungwana. Katika mgahawa wa Kwa Mkorosho, Mhamaji mmoja alimwomba Mbakiaji radhi, akampasua kichwa kwa birika. Mbakiaji akasema "hamna neno," akamchoma uma wa shavuni. Viti viliruka. Mpishi alitoka na mwiko wa ugali na kumzimisha kila aliye karibu, kwa kuwa yeye hakuwa na msimamo. Kikosi cha Adabu kilisimama barabarani kinatazama, kinalamba halua. Sajini Mpole aliniambia kwamba ni siku hiyo tu aliyowahi kupumzika akiwa zamu.

Ndani ya chumba cha meno mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila bila birika.

"Hama, dada," alisema Chausiku akiosha koleo. "Hivi unasubiri nini? Kuna kampuni mpya, Komeo. Wale hawamsifu mtu."

"Hawajamsifu mtu bado," alisema daktari. "Kufuli nalijua. Limepigwa likakaa kimya. Hilo Komeo nani kalipiga?"

"Kwa hiyo tukae na mpenzi wa Kisago?"

"Chausiku, fundi aliyenitengenezea mlango ni mlevi na anampiga mkewe. Simpendi. Lakini mlango unafunga."

"Unafunga," alisema Chausiku. "Ufunguo wa akiba anao nani?"

Daktari alikuwa na mtu mmoja nyuma ya ukuta, na akikosea upande wowote mtu huyo atakufa. Wengine walikuwa wakibishana kuhusu msimamo. Yeye alikuwa akibishana kuhusu shingo ya Stambuli.

Akamwandikia. Stambuli akajibu: "Dada, kufuli ni zima, nakubali. Lakini taya langu lilivunjwa na Kisago, na sasa kila nikikuandikia barua yangu inabebwa na mtu anayembusu mkono. Uji wenyewe unanipanda kooni. Tuhame. Ila kwa hisani yako, tuhame kimya."

Daktari alilia kidogo, alivyonisimulia Chausiku, kisha akanawa uso, akaita mgonjwa anayefuata. Akakata shauri wahame.

*

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa. Kwetu mtu hahami bila kuaga. Anayehama nyumba hupita mlango kwa mlango, anaeleza kwa nini anahama, anahamia wapi na nani anafuatana naye, anaomba radhi, anakula kidogo. Asiyeaga ametoroka, na anayetoroka ni mwizi hata kama hajaiba. Haya tunayanyonya na maziwa.

Basi Wahamaji wote wakaaga. Waliandika barua ndefu nzuri na kuwatumia watu wote waliowajua: "Ndugu zangu, mimi fulani bin fulani, nahama Kufuli kwa sababu namchukia Jenerali Kisago kutoka moyoni. Mtanipata Komeo. Ninafuatana na fulani na fulani, ambao nao wanamchukia. Tuwieni radhi." Na miongoni mwa watu wote waliowajua walikuwemo wajomba, mashangazi na walimu wao wa zamani, ambao anwani zao zilikuwa za Barua ya Taifa.

Wizarani walisoma mpaka wakaletewa chakula cha mchana mezani. Hakuna kufuli lililovunjwa. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanaeneza uongo. Kufuli halikuvunjwa hata moja.

Jenerali Kisago, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Haki za Wanyonge, alihutubia taifa akitokwa na machozi. "Wananchi wametuaga," alisema. "Je, sisi ni watu wa kuagwa tukakaa tu? Mgeni akiaga anafanywaje?"

"Anasindikizwa!" ukumbi ukajibu.

Zoezi la Kusindikiza likaanza asubuhi hiyo hiyo. Askari walipiga hodi katika kila nyumba iliyoaga. "Tumekuja kuwasindikiza," walisema, na wakawasindikiza kwa marungu, kwa mikanda, kwa miguu ya meza zao wenyewe. Barabara ya Maungwana ilijaa viatu visivyo na watu. Mwanamume mmoja alisindikizwa kutoka ghorofani bila kupitia ngazini. Mwalimu mmoja wa sarufi alipigwa mpaka akasahau jina lake, kisha akapigwa kwa kutojitambulisha. Chausiku naye alikuwa ameaga, kwa barua nzuri kuliko zote, na walimkuta anafagia mbele ya zahanati. Walimwamkia. Nilihesabu naye meno yake baadaye, hesabu ikawa fupi.

Daktari Hidaya hawakumgusa. Alikuwa hajaaga marafiki, majirani wala wagonjwa wake. Alihama kimya, kama Stambuli alivyomwomba.

Alimwaga mama yake tu.

Msimlaumu. Ninyi mngeweza? Mama mzazi, mjane, yuko kijijini Mwambangoma, anangoja simu. Marafiki wataachwa, majirani wataachwa, mama haachwi bila kuagwa. Na daktari alikuwa mwangalifu sana. Aliandika maneno machache: "Mama shikamoo. Kuanzia kesho hutanipata kwenye anwani hii. Tunahama, mimi na yule mwingine. Anaendelea vizuri, sasa anatafuna. Tuwie radhi."

Bi Mwanamkuu, mama yake, alikuwa na anwani aliyopewa na serikali alipostaafu ukunga. Wizarani barua ilipita meza ya kwanza, ya pili, ikakwama kwenye ya tatu. Daktari hana mume. Daktari hana mtoto. Ni nani basi huyu mwingine, ambaye zamani alikuwa hatafuni?

*

Nilikuwa kwenye benchi siku mama alipofika. Ni mwanamke mfupi, amejitanda khanga mbili, uso umechoka kwa safari na kwa furaha. Nyuma yake, akimbebea kikapu kwa mikono miwili kama mkwe, alikuwa Sajini Mpole.

"Hidaya!" mama aliita tangu mlangoni. "Mmeniaga, nami nimekuja kuwasindikiza. Nimewapikia mikate ya kumimina. Mwenzio kumbe mzima! Miezi yote hii naomboleza mtu anayetafuna!"

Daktari alitoka na koleo mkononi. Alimwona mama, akamwona aliyebeba kikapu.

"Mama," alisema polepole, "nani huyu umekuja naye?"

"Kijana huyu? Kanipokea stendi. Kaniamkia, kanibebea mzigo, kaninunulia maji. Mzazi wake hongera. Haya, yuko wapi mwenzio?"

"Hakuna mwenzangu, mama. Umechoka. Kaa."

"Kaa, mama," alisema Sajini, akamfutia kiti kwa leso yake. Kisha akachuchumaa mbele yake, akachomoa rungu taratibu na kuliweka juu ya paja. "Shikamoo mama."

Sisi sote kwenye benchi tulijua inayofuata. Mama peke yake hakujua. Alifungua kinywa aitikie, na daktari akakiziba kwa kiganja.

"Usiitikie, mama! Nakuomba, usiitikie!"

Sajini aliumia waziwazi, maana hajawahi kuona mtu mzima akizuiwa kuitikia salamu. "Basi, mama," alisema kwa upole, "hakuna mwingine humu ndani unayetaka kumsalimia?"

Mama aliusukuma mkono wa binti yake. Hatimaye akauona uso wa daktari, akaliona rungu, akaelewa, lakini jina lilikuwa limeshatangulia mdomoni: "Stambuli?"

Nimesema haya tunayanyonya na maziwa. Mtoto wa kwetu akiitwa na mama yake huitika. Anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa kaburini, ataitika. Tuliusikia ukuta wa eksirei ukimeza mate. Halafu ikatoka, kwa sauti ya harusini iliyopindwa na waya:

"Naam mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama.

Sajini Mpole aliuomba ukuta radhi, akaubomoa kwa bega.

*

Sitaeleza yaliyofuata, kwa kuwa kulikuwa na mama. Askari wenyewe walitaka asitazame, wakamgeuzia kiti. Walimsindikiza Stambuli mpaka uwanjani, kwenye jukwaa lile lile, wakampa kipaza sauti amalizie ratiba. Waya wa taya waliung'oa kwanza. Rambirambi za serikali, zenye saini ya Jenerali na shada la maua, zilifika kwa mama asubuhi. Stambuli alikufa jioni. Kwetu hatupendi kuchelewa.

Daktari hawakumgusa, maana daktari wa meno ni yeye peke yake na halua haziishi. Wiki hiyo barua kutoka Kufuli ilimfikia katika anwani yake mpya. "Tunasikitika kuona umetuacha. Tungependa kujua sababu. Tunapenda kukuhakikishia kwamba kwa muda wote uliokuwa nasi, hakuna aliyesoma barua yako hata moja." Alinionyesha mwenyewe. Hakuwajibu, na mimi nilimlaumu moyoni. Watu wameuliza kistaarabu.

Kisha Sajini Mpole akaja na shavu limevimba. Gego la nyuma lilikuwa limeoza kabisa, na halua za kazi ile ya mwisho zilikuwa nyingi. Alitusalimia wote. Akampa daktari pole ya msiba, na kwa kweli aliitoa vizuri, kwa mikono miwili. Akaingia, akalala kwenye kiti, akafumba macho, akafumbua kinywa, akangoja lile neno.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nasema hili kwa aibu, kwa kuwa mimi ni mwananchi ninayeipenda nchi yangu: daktari hakusema samahani.

Hakutumia sindano pia. Koleo liliingia likashika, sio gego tu, likashika kila kilichoshikika, na goti la daktari lilikuwa kifuani kwa Sajini. Alipiga kelele ambayo nilikuwa naifahamu, ila hapo awali ilikuwa inatoka upande wetu wa benchi. Meno yaligonga sakafu, moja baada ya jingine. Tulisikia mfupa, safari hii bila spika. Wale wa upande wa halua walisimama, lakini hakuna aliyethubutu kuingia bila kubisha hodi, na kila hodi waliyobisha haikujibiwa.

Alitoka na koti lake jeupe limekuwa jekundu mpaka kwenye viwiko. Mama yake alikuwa anamsubiri nje ya dirisha, kikapu kichwani. Daktari alipita katikati ya benchi, watu aliotutibu miaka yote hiyo, hakumtazama mtu. Hakutupa mkono. Hakusema kwaheri, wala anakwenda wapi, wala na nani.

Kikosi kilipofika kilikasirika sana. Walituuliza mmoja mmoja, kwa adabu zote, na mabaki ya meno yangu niliyaacha hapo. Lakini tungewaambia nini? Hakuaga. Na kwa kuwa hakuaga, nchi nzima hakuna aliyejua amsindikize kuelekea wapi.